Siku kaka alipoambiwa atie saini

Kaka yangu alikamatwa jioni kwa tuhuma za kupokea mali ya wizi: simu aliyouziwa na mtu waliyefahamiana kwa sura tu. Nilipofika kituoni nilimkuta na karatasi ya maelezo mbele yake, askari akimharakisha atie saini. Kati ya mstari wa mwisho na mahali pa saini palikuwa na nafasi tupu ya upana wa vidole vinne hivi.

Wakili tuliyempigia simu alikuwa mama mtu mzima, na hakugombana na mtu. "Mwanangu, soma kwanza, tena kwa sauti." Kaka aliposoma, hati ya mauziano aliyoandikiana na muuzaji haikutajwa popote, na alikuwa ameieleza vizuri kabisa. Wakili akaomba iongezwe. Kaka akasaini kando ya nyongeza, akapiga mstari wa mshazari kwenye ile nafasi tupu lisije likaingizwa neno jingine, ndipo akatia saini ya mwisho.

Tukisubiri dhamana, nilimuuliza yule mama kwa nini karatasi ya mauziano ina uzito hivyo. Akanieleza kwamba katika nchi nyingi kosa hilo halitimii kwa kukutwa na kitu tu. Upande wa mashtaka sharti uthibitishe kuwa wewe uliyekutwa nacho ulijua, au ulikuwa na sababu ya kuamini, kwamba kimeibwa. Kaka bado ni mtuhumiwa, akasema. Akisomewa shtaka mahakamani atakuwa mshtakiwa, na hata hapo hana hatia mpaka ithibitishwe. Na akinyamaza? Hapo akanitajia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966: ibara ya 14 inakataza mshtakiwa kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe au kukiri kosa, na ibara ya 9 inataka anayekamatwa aelezwe sababu papo hapo. Hilo la pili liliniuma sana. Kaka alikuwa amekaa saa nyingi bila kuambiwa anatuhumiwa nini.

Mjomba alimdhamini, baada ya kuhakikishiwa kwamba dhamana si faini bali ni ahadi kuwa mtu atafika akiitwa.

Baadaye wapelelezi waliifuatilia ile hati, kwa kuwa sasa ilikuwa ndani ya maelezo. Muuzaji akapatikana, na jalada la kaka likafungwa kabla ya kufika mahakamani.