Sini na kosini, mwisho wa siku ni njia ya kugawa mwelekeo

Nina nukta moja nyeupe inazunguka kwenye skrini, haifanyi kingine chochote, inazunguka tu, na nimeitazama muda mrefu kwa furaha ambayo sijui hata nimwelezee nani. Shuleni sini na kosini tulizisoma ndani ya pembetatu, upande huu gawa kwa upande ule mrefu, unaandika jibu unafunga daftari, basi. Kumbe hivi vitu viwili ndo vinasogeza karibu kila kitu kwenye gemu, na vinaeleweka vizuri zaidi ukiviona kwenye duara kuliko kwenye pembetatu.

Yaani chukua duara lenye nusu kipenyo cha 1, kitovu chake kiwe 0,0. Anzia pale kitovuni, chagua pembe yoyote, vuta mstari mpaka uguse duara. Pale ulipogusa pana x na y, si ndio? Hiyo x ndo kosini ya pembe yako, hiyo y ndo sini. Hakuna siri nyingine. Pembe ikiwa 0 kosini ni 1 na sini ni 0, uko kulia kabisa na hujapanda hata kidogo, ukifika nyuzi 90 inageuka, kosini 0 sini 1, nyuzi 30 kosini ni 0.866 na sini ni 0.5, na nyuzi 45 zinalingana, zote 0.707. Ndo maana majibu hayavuki 1 wala hayashuki chini ya -1, kwa sababu duara lenyewe linaishia hapo. Hili la mwisho nilikuwa nalijua kwa kukariri tu, sasa naliona kwa macho.

Nukta yangu inaendeshwa na mistari hii mitatu, inarudiwa kila fremu, yaani kila mara skrini inapochorwa upya:

x = katiX + r * cos(pembe)
y = katiY + r * sin(pembe)
pembe = pembe + 0.05

Kosini inasema uende kulia au kushoto kiasi gani, sini inasema juu au chini kiasi gani, r inakuza lile duara dogo la 1 liwe la ukubwa unaoutaka, alafu katiX na katiY zinalibeba zima zima zinalipeleka mahali pake kwenye skrini. Mimi huu mgawanyo naupenda sana, kila herufi ina kazi yake.

Ile 0.05 ni radiani, sio nyuzi, na hapa tafadhali tulia kidogo, maana Python, JavaScript, C na lugha nyingine nyingi za kuandikia programu zinataka radiani. Ukiandika sin(90) hupati 1, unapata 0.894 na kompyuta wala hailalamiki. Nyuzi unazidisha kwa pi unagawa kwa 180, basi. Radiani 1 ni pembe ambayo kipande cha duara inachokikata kina urefu sawa na nusu kipenyo, kama nyuzi 57.3 hivi, na mzunguko mzima ni 2 pi, yaani 6.283. Kwa hiyo kwa 0.05 kila fremu mzunguko unachukua fremu kama 126, na skrini ikienda fremu 60 kwa sekunde nukta inamaliza duara kwa sekunde mbili na kidogo. Nimehesabu kwanza ndo nikaangalia, na ikawa hivyohivyo!

Kitu kingine, kwenye skrini nyingi 0,0 iko kona ya juu kushoto na y inakua kwenda chini, kwa hiyo nukta inazunguka kama mshale wa saa, kinyume na kitabu cha hesabu. Hesabu haijakosea, mhimili ndo umepinduliwa. Ukichora namba 12 za saa unaziachanisha kwa nyuzi 30, alafu pembe ya kila namba unaipunguza 90 ili 12 ikae juu badala ya kulia.

Ila duara ni mwanzo tu. Chombo chenye spidi 5 kikielekea nyuzi 30 kinasogea 4.33 kwenye x na 2.5 kwenye y, ni palepale, mwelekeo umegawanywa sehemu mbili. Na ndo maana mchezaji akibonyeza kulia na chini kwa pamoja anakimbia zaidi, 5 huku na 5 kule inampa 7.07, dawa yake ni kuzidisha kila upande kwa ile 0.707. Sini peke yake nayo ina utamu wake, weka y = 200 + 10 * sin(muda) sarafu inapanda na kushuka taratibu kama bembea, inapunguza mwendo yenyewe ikifika mwisho kabla ya kurudi, bila if hata moja, ile amri ya kuangalia sharti.

Kinachofuata kwangu ni adui amgeukie mchezaji. Hapo unaenda kinyume, una x na y unatafuta pembe, na kazi hiyo ni ya atan2, unaipa tofauti ya y kwanza ndo x, inakurudishia radiani kati ya -pi na pi, alafu hiyohiyo pembe unairudisha kwenye cos na sin adui aanze kutembea.