Sukuma yangu ilinawiri juu ya betri

Nyumba yetu ya Kariobangi Kusini niliipendea kipande cha ardhi kilichokuwa nyuma yake. Nairobi hii, ukipata mahali pa kutia jembe unashukuru Mungu. Nikapanda sukuma wiki, mchicha na vitunguu, na mvua za masika zilipokolea sukuma ikawa na majani mapana hadi majirani wakawa wanakuja kuomba.

Siku moja nikichimba shimo la mgomba, jembe liligonga kitu. Nikatoa vipande vya plastiki nyeusi, nzito, na katikati yake vibamba vya kijivu vilivyosagika vidoleni kama chaki iliyolowa. Chini zaidi udongo ulikuwa mweusi na ulinuka oili chafu. Nikamwita mzee wa ploti ya pili, mwenyeji wa siku nyingi.

"Mama, hizo ni betri za gari," akasema. "Hapa walikuwa vijana wa skrepu. Walizipasua wakatoa madini ya risasi wakauza, maji yake wakamwaga hapo hapo. Na nyaya walichomea pale ukutani, wapate shaba."

Mwanangu wa miaka mitatu alikuwa ameketi juu ya lile rundo nililochimbua, vidole mdomoni. Nilimnyanyua nikampeleka bombani, nikamsugua mikono mpaka akalia.

Usiku ule sikulala. Nilijua kidogo habari za Dandora, jirani zetu, penye jaa kubwa la taka. Utafiti wa shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, uliotolewa 2007, ulipima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa lile, na nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Mimi nilidhani hayo ni mambo ya jaani. Kumbe hata ua wa nyumba unaweza kuwa jaa lililofukiwa.

Nilichukua udongo sehemu nane, kina cha kiganja hivi, nikauchanganya kwenye ndoo safi, nikapeleka kama kilo moja kwenye maabara upande wa Kabete. Ukienda, waambie wazi kwamba unataka wapime madini mazito, maana kipimo cha kawaida cha mkulima huangalia rutuba na asidi. Majibu yalirudi: risasi ilikuwa nyingi mno kwa shamba la mboga. Mtoto naye nikampeleka kupimwa damu. Ilikuwemo, ingawa si kwa kiasi cha kulazwa. Daktari alinieleza kwamba mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne au tano kuliko wa mtu mzima, kwamba inaharibu ubongo unaokua, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Alitaka nimrudishe baada ya miezi mitatu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba risasi haiozi. Petroli yenye risasi haiuzwi nchini tangu 2006, lakini ile iliyotua kandokando ya barabara zetu bado imo udongoni. Na mmea hauonyeshi. Sukuma yangu haikuwa na doa hata moja.

Niling'oa kila kitu. Kuku sikuwapa, kwa sababu risasi huingia hadi kwenye mayai. Nilifikiri kukodi lori lizoe udongo wote, halafu nikajiuliza dereva ataumwaga wapi. Kando ya Mto Nairobi, bila shaka, kwenye mboga za mtu mwingine. Chokaa na samadi hupunguza kiasi ambacho mizizi inavuta, ila vumbi linabaki, na vumbi ndilo mwanangu alilokuwa akilila. Basi nikaamua kufunika: turubai nene, juu yake kokoto, kote hadi ukutani.

Mboga nikahamishia kwenye magunia, kama wanavyofanya Kibera na Mathare. Udongo mwekundu niliuleta kutoka Limuru, kwa shamba la dada yangu, nikaupimisha kwanza. Katikati ya gunia unasimamisha safu ya mawe ili maji yafike chini, ubavuni unatoboa matundu ya miche. Nina magunia saba sasa, matatu ya managu.

Kipimo cha pili cha damu kilikuwa kimeshuka. Cha tatu ni mwezi ujao. Vile vipande vya betri nimeviweka kwenye debe lenye kifuniko, juu ya kabati asikofika mtoto, mpaka nimpate wa kuvichukua ambaye hatakwenda kuvipasulia ua mwingine.