Hesabu za duka

“Wewe huchezi, unafanya hesabu za duka.”

Yaya, ndugu yangu mkubwa, aliyasema hayo Jumamosi tukicheza BattleTech, mchezo wa mezani wa vinyago vya maroboti makubwa ya vita yaitwayo meki, mbele ya wale vijana wa Katuba, kidole chake kikiwa bado juu ya meki yake, Hunchback. Leo ni Alhamisi. Shemeji ameshaoa kule Likasi, ofisini wametangaza tunahamia Kipushi, na mimi bado niko palepale mezani.

Haya yalikuwa mazungumzo yote, yeye akianza:

“Piga zote tatu.”
“Napiga mbili.”
“Joto lako si nne tu?”
“Ndiyo maana napiga mbili.”

Kisha hayo ya duka, na vijana wakacheka. Kumwambia hivyo mtu anayeshinda kutwa nzima kwenye daftari la keshia, kweli yaya?

Basi tuzifanye hizo hesabu. Meki yangu, Awesome, ni tani 80 na ina PPC tatu, yaani bunduki kubwa za miale. Kila PPC inatoa joto 10, jumla 30, na vipoza-joto ni 28. Ukisimama tuli na kupiga zote, linabaki joto 2. Ukirudia, 4. Ukirudia tena linafika 6, na kuanzia 5 meki inapoteza pointi moja ya mwendo. Awesome inatembea 3 na kukimbia 5. Ikipata joto hilo inatembea 2 na kukimbia 3. Sasa piga mbili badala ya tatu: 20 na 4 ni 24, vipoza vinazimeza zote, zamu inayofuata unaanza sifuri na bunduki zako zote tatu ziko tayari. Tatu, tatu, mbili. Anayeicheza Awesome bila mdundo huo anamchezea mwenzake.

Na kusimama tuli si uvivu. Hunchback ilikuwa vyumba sita vya ubao kutoka kwangu, ndani ya msitu mwepesi, imetoka mbio. Ustadi wangu wa kulenga ni 4, umbali wa sita kwa PPC ni mfupi kwa hiyo hauongezi kitu, mbio zake zinaongeza 2, msitu 1. Natafuta 7 au zaidi kwa dadu mbili: nafasi 21 kati ya 36. Ningetembea hata chumba kimoja ningetafuta 8, na nafasi zingeshuka hadi 15. Yeye naye alikuwa anatafuta 8: ulengaji 4, mbio zake mwenyewe 2, na umbali wa sita kwa AC/20, mzinga mkubwa wa Hunchback, ni wa kati, 2 nyingine. Msitu aliosimama haumsumbui hata kidogo anapopiga kwenda nje, ila mimi unanisumbua. Vijana wengi hukosea hapo, wanajiongezea 1 bure. AC/20 ikikupata ni pigo la 20 mahali pamoja, na ukipigwa 20 ndani ya awamu moja lazima urushe dadu kuona kama utabaki wima. Kwa rubani wa kawaida ni 6 au zaidi.

Jana usiku, umeme umekatika na grupu ya umeme ya jirani inanguruma, ndipo nikaikumbuka midomo ya yaya.

Ilikuwa inacheza. Kabla ya kuniambia nipige zote tatu, yaya alikuwa anahesabu vyumba kimyakimya: pointi moja ya mwendo kwa kila chumba cheupe, mbili kwa kila cha msitu mwepesi, moja nyingine kila anapogeuka upande. Macho yake yalipita kando ya Awesome yangu hadi nyuma yake, ambako ngao ni nyembamba. Alitaka nibaki na mwendo wa 2, azunguke, aniwekee AC/20 mgongoni. Mwenye duka alikuwa yeye! Alikuwa ananiuzia joto mbili, na niliposhindwa kununua akaitukana biashara.

Nilicheka peke yangu gizani mpaka Mama Neema akauliza kuna nini.

Na tukiwa bado kwenye Awesome, mkono wa PPC wa kinyago chake umeng'oka tena begani. Supaglu peke yake haishiki imara madini kwa madini, hasa kiungo kidogo kinachobeba mkono mzito. Nitatoboa pande zote mbili kwa kekee ndogo ya kuzungusha kwa vidole, niingize kipande cha waya wa shaba, halafu ndiyo niweke gundi. Waya uchukuliwe kwenye kebo ya zamani, uzi mmoja tu, ukwanguliwe kwa msasa kwanza. Lubumbashi tukikosa shaba ya kushikia mkono wa kinyago, tufunge mji.

Nitaifanya Jumapili, mvua ikiruhusu. Fundi wa paa alichukua malipo ya awali na simu haipokei, na bati la upande wa chumba cha Neema limeanza kupiga kelele upepo ukija.