Siku Nilipoiona Kerneli Ikigawa Zamu

Mwalimu hakuanza na maelezo. Aliwasha muziki, akaandika programu fupi isiyofanya lolote ila kuzunguka bila kikomo, kisha akaiendesha. Kompyuta ile, iliyotumia mfumo endeshi wa Linux, ilikuwa ya enzi ambazo kichakataji kilitekeleza kazi moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo darasa zima tulisubiri wimbo ukatike.

Haukukatika. Amri ya top, inayoorodhesha programu zinazoendelea, ilionyesha programu ile imemeza karibu asilimia 100 ya muda wa kichakataji. Akaendesha nakala ya pili: zikagawana, 50 huku, 50 kule. Ya tatu ilipoingia, kila moja ikabaki na 33 hivi. Na wimbo unaendelea.

“Nani anagawa?” nikauliza.

“Kerneli,” akajibu Mwalimu, yaani kiini cha mfumo endeshi, programu kuu inayosimamia mashine. Saa iliyo ndani ya mashine huikatiza kazi inayoendelea mara nyingi kila sekunde, na hapo kerneli hupata nafasi ya kuamua nani aendelee na nani angoje. Huhifadhi mahali alipofikia anayesimamishwa. Zamu yake ikirudi, huendelea palepale kana kwamba hakuguswa. Muziki ulihitaji muda kidogo tu kila mara, ndiyo maana haukuonewa.

Lakini kilichonishika hasa ni jaribio lililofuata. Aliandika programu inayolazimisha kuandika kwenye anwani ya kumbukumbu isiyo yake. Ikauawa papo hapo, ukabaki ujumbe wa mstari mmoja. Nyingine zote salama! Katika MS-DOS, mfumo endeshi wa zamani uliotoka mwaka 1981, programu iliweza kuandika popote, hata juu ya mfumo endeshi wenyewe, na mashine nzima ikaganda. Hapa kila programu huonyeshwa kumbukumbu kama vile iko peke yake. Kerneli, ikishirikiana na kichakataji, ndiyo inayojua kila ukurasa, yaani kipande cha kumbukumbu cha baiti 4,096, umekaa wapi kweli. Kwangu mimi, ulinzi huu ndio moyo wa mfumo endeshi, kuliko madirisha na vitufe tunavyoviona.

Nikataka kujua programu ya kwanza kabisa huanzishwa na nani. Mwalimu akapandisha orodha hadi juu, akagusa mstari wenye namba 1: init. Hiyo huanzishwa na kerneli yenyewe mashine inapowaka. Muziki wetu na zile programu za kuzunguka, ukifuata nani kamzaa nani, zote zilitokana nayo.