Wanachuo 28, Coaster moja, na maporomoko ya Sanje

Ukitangaza safari kwenye kundi la WhatsApp la bweni, watu 40 wataandika "nipo" kabla hata hujamaliza kueleza mnakokwenda. Usiwahesabu hao. Hesabu waliotuma hela, tena waliotuma kabla ya tarehe uliyoweka. Safari nyingi za wanachuo hazifii njiani, zinafia kwenye daftari la mweka hazina, usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Gharama ziko za aina mbili, na ukizichanganya umekwisha. Kuna za kundi, ambazo hazipungui hata mkienda wachache: gari, mafuta, posho na malazi ya dereva, waongozaji. Halafu kuna za kichwa: kiingilio cha hifadhi, kambi, tiketi ya treni, chakula. Tuseme za kundi zimefika shilingi 1,400,000. Ukizigawa kwa watu 28, kila mmoja anatoa 50,000. Wakija 22, una pengo la 300,000, na dereva keshawasha gari. Kwa hiyo gawa kwa 22 tangu mwanzo, kila mmoja atoe kama 64,000, mkijaa 28 chenji inarudi. Hakuna mtu anayemlalamikia mweka hazina kwa kurudishiwa hela, lakini aliyeombwa aongeze usiku wa mwisho atakumbuka hadi mahafali.

Safari ninayoieleza hapa ni ya siku mbili kwenda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, kwa kundi linalotoka Dar es Salaam. Naipenda kuliko za Bagamoyo na fukwe za Kigamboni kwa sababu moja: Udzungwa hakuna barabara ndani ya hifadhi. Kila mtu anatembea, mwenye hela na asiye nazo, na kufika siku ya pili jioni watu waliokuwa wakisalimiana kwa kichwa tu koridoni wanaitana majina. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na makao makuu yake yako Mang'ula, wilayani Kilombero.

Zamani kundi la Dar lilikuwa linabanana kwenye Coaster tangu Ubungo, na dereva akifika Mang'ula ameshachoka. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi Morogoro, Juni 2024, hakuna sababu ya kufanya hivyo. Pandeni treni ya asubuhi, chini ya saa mbili mko Morogoro, na Coaster mliyoikodi hukohuko Morogoro inawasubiri stesheni. Dereva anakuwa na usingizi kamili, na gari linatembea kama kilomita 180 kwenda badala ya zaidi ya 350. Mafuta mkikubaliana kulipa wenyewe, tengeni lita 70 hadi 75 za dizeli kwa kwenda, kurudi na mizunguko ya huko. Tiketi za treni zikatwe mapema, kila mtu na kitambulisho chake. Mtungi wa gesi usijaribu kuupandisha; nunueni mkaa au kodini jiko Morogoro.

Kabla ya kulipia Coaster, nenda ukaione. Tazama matairi ya nyuma yote manne, si yale ya mbele tu. Kaa kiti cha nyuma kabisa ufunge mkanda. Kama haupo au haufungi, mwambie mwenye gari autengeneze au utafute gari jingine. Hesabu viti bila vile vya kukunja vya katikati ya njia. Viti 28 vya kweli ndivyo vinavyokupa idadi ya safari, na mizigo nayo inataka mahali: masufuria na maji peke yake yanakula viti viwili. Kwa hiyo kama Coaster haina keria juu, kundi lako ni la watu 26.

Morogoro ingieni Soko Kuu la Chifu Kingalu. Hapo mnachukua vitunguu, nyanya, ndizi, matango, viungo na nyama. Mchele acheni. Mnakwenda Kilombero, na mchele wa Kilombero ununuliwe Kilombero, kwenye maduka ya Mang'ula.

Kutoka Morogoro barabara inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Twiga, nyumbu na pundamilia wanaonekana dirishani, na ndipo watu watakapomwambia dereva asimame ili washuke wapige picha. Hairuhusiwi. Dereva afuate vibao vya mwendo. Kugonga mnyama kuna faini iliyoandikwa kwenye mabango kando ya barabara, na usiku wanyama hulala kwenye lami yenye joto. Ndiyo maana ratiba yote inapangwa ili Mikumi ipitwe mchana, kwenda na kurudi. Mji wa Mikumi mkifika, mnakunja kushoto kupitia Kidatu, na baada ya kama kilomita 60 mko Mang'ula.

Malipo ya hifadhi ni kwa namba ya malipo ya serikali, si fedha taslimu getini. Piga simu makao makuu wiki mbili kabla, taja idadi, taja njia mnayotaka, uliza bei za wakati huo na idadi ya waongozaji. Kundi la watu 28 ligawanywe matatu, kila moja na mwongozaji wake. Tembo na nyati wapo mle, kwa hiyo kutembea bila mwongozaji au askari wa hifadhi hakuna mjadala. Kama kuna mwenzenu anayetoka nje ya Afrika Mashariki, mjulishe mapema kwamba kiwango chake ni kingine na ni kikubwa mara kadhaa. Kumwambia akiwa getini ni kumdhalilisha.

Siku ya kwanza alasiri msiende maporomoko ya Sanje; hayo ni ya siku ya pili. Fanyeni njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, hapo karibu na makao makuu, isiyofika saa moja. Jina linatokana na Mwanamfalme Bernhard wa Uholanzi aliyefungua hifadhi. Njia hii itumieni kama mtihani wa viatu. Simama mahali penye mteremko na utazame miguu ya watu, si nyuso. Raba nyeupe za soli bapa zitaanza kuteleza hapo. Mwenye viatu vinavyoachia soli ataonekana hapo. Yule ambaye hajatembea kilomita mbili tangu afike chuo naye atajulikana hapo, na una usiku mzima wa kuongea naye taratibu na kuazima viatu. Ukija kuyagundua hayo kesho yake katikati ya mlima, umechelewa.

Sasa pilau, maana jioni ndiyo moyo wa safari.

Kwa watu 28 waliotembea, pigia kilo 6 za mchele na kilo 5 za nyama. Kosa la kwanza ni kupika kwenye sufuria moja. Kilo 6 zikikaa pamoja, chini huungua na juu hubaki kiini, kwa sababu mvuke haupandi sawasawa kwenye mchele mzito hivyo. Pikeni sufuria mbili za lita 15, kilo tatu tatu. Nyama ichemshwe kwanza na tangawizi na chumvi hadi iive, supu ihifadhiwe. Kila sufuria iende na kilo moja ya vitunguu vilivyokatwa vyembamba, vikaangwe kwenye mafuta kama nusu lita hadi viwe rangi ya kahawa iliyokolea. Hapa watu hukosa subira. Vitunguu vikiwa bado vya dhahabu, pilau inatoka nyeupe na watu watasema viungo havikutosha. Vikishakolea tia kitunguu saumu, kisha bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, kisha nyama, kisha supu.

Supu na maji kwa kawaida ni vikombe viwili kwa kimoja cha mchele. Lakini kama mnakwenda Julai au Agosti, muulize muuza duka kama mchele ni mpya. Mchele wa msimu huu hunywa maji machache. Ukiupa viwili kwa kimoja unapata bokoboko. Anza na kimoja na nusu, uwe na maji ya moto pembeni ya kuongeza. Maji yakikauka juu, punguza moto wa chini, funika kwa mfuniko wenye makaa, dakika 25, na asiyehusika asifunue.

Kanuni yetu ya kugawa ni kwamba wapishi na dereva wanapakuliwa kwanza na wanafunikiwa. Kundi lenye njaa halina huruma na sufuria, na mpishi aliyekosa nyama hapiki tena safari ijayo. Mabaki yote yaingie ndani ya gari, si ndani ya hema, kwa sababu kima na nyani wa Mang'ula wanajua kufungua zipu. Mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tangu Juni 2019 msiibebe. Ndoo zenye mifuniko zinafaa zaidi. Chandarua au dawa ya mbu ni lazima, bonde la Kilombero lina malaria. Bao, karata, nyimbo, sawa, ila saa 4 usiku kambi inyamaze. Pombe iachwe kabisa. Aliyekunywa usiku huamka amepungukiwa maji mwilini, na joto la msitu wa chini litamwonyesha.

Jumapili saa 1 asubuhi mwe mmeshafika Sanje, kijiji kilicho kaskazini ya Mang'ula. Maporomoko yana urefu wa mita 170 hivi, yanashuka kwa ngazi tatu. Mwongozaji atakuambia njia inachukua muda wa saa nne. Kwa kundi kubwa linalopiga picha na kuoga, weka muda wa saa sita.

Maji: lita 2.5 kwa kila mtu. Watu 28 ni lita 70. Katoni ya chupa 12 za lita 1.5 ina lita 18, kwa hiyo nunueni katoni 5, inabaki akiba ya dereva na ya ajali. Kila mtu abebe maji yake mwenyewe tangu chini, maana kijana aliyejitolea kubeba ya watatu ndiye huishiwa pumzi wa kwanza. Chakula kiwe ndizi mbili, mayai mawili ya kuchemsha, karanga, na chapati moja. Suruali iingizwe ndani ya soksi. Mkikutana na msafara wa siafu, pita kwa hatua ndefu bila kusimama, na mtu asisimame kuonyesha wenzake.

Jambo linaloharibu kupanda kwa kundi ni namna ya kupumzika. Wenye nguvu wanatangulia, wanakaa chini, wanasubiri dakika kumi. Yule wa mwisho anafika akihema, nao wanasimama: "Haya, twende." Wao wamepumzika dakika kumi, yeye sifuri. Ikirudiwa mara nne, mtu huyo amekwisha, na wenzake wanasema hana mazoezi. Dawa yake ni ndogo: saa ya mapumziko inaanza kuhesabiwa mtu wa mwisho akishakaa. Dakika tano kamili baada ya yeye kukaa. Na anayetembea nafasi ya pili mbele awe yule mwenye mwendo mzito kuliko wote, nyuma ya mwongozaji, ili mwendo wake uwe mwendo wa kundi. Nyuma kabisa awekwe mtu mwenye nguvu na mwenye mdomo mtamu, mwenye kisanduku cha dawa: bandeji pana mbili, ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) pakiti nne, plasta, dawa ya mzio, filimbi.

Njiani nyamazeni kidogo. Mbega mwekundu wa Udzungwa hukaa juu ya miti mirefu, na msitu huu una mangabei wa Sanje, aina ya kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 na hapatikani nje ya milima hii. Jina lake ni la kijiji hiki mlichotokea. Juu kabisa mtaona bonde la Kilombero na mashamba ya miwa yamelala kijani hadi mbali. Picha zipigwe mita tatu kutoka ukingoni, kwani mwamba wenye unyevu una utelezi usioonekana.

Kuoga kunaruhusiwa pale mwongozaji anaposema. Kuingia ni kwa kutambaa, si kuruka, kwa sababu maji yanayoanguka huficha mawe. Wasiojua kuogelea wabaki kwenye maji ya magoti, na mtu mmoja abaki nje akihesabu vichwa. Maji yakibadilika rangi ghafla au majani yakianza kushuka mengi, tokeni wote: mvua imenyesha juu hata kama kwenu kuna jua. Machi hadi Mei safari hii iahirisheni tu.

Kushuka ndiko kunakovunja vifundo vya miguu. Kateni kucha za vidole vya miguu Ijumaa, na juu mlimani fungeni upya kamba za viatu, zikaze kifundoni na kulegea vidoleni, ili mguu usisukumwe mbele. Mtu akiteguka, msimvue kiatu. Uvimbe hautaruhusu kuvaa tena. Funga bandeji juu ya kiatu, abebwe mgongoni kwa khanga mbili zilizokunjwa, wabebaji wapokezane kila dakika tano.

Saa 8 mchana gari liwe limeondoka, Mikumi ipitwe kabla ya jua kuzama, na tiketi za treni ya kurudi ziwe za ile yenye nafasi ya saa mbili kwa tairi kupasuka au lori kuziba njia. Kabla ya kila kuondoka, kila mtu amtaje jirani yake kwa jina. Kuhesabu vichwa peke yake hudanganya, maana mtu huhesabiwa mara mbili na mwingine amelala chini ya mti.

Jumatatu mchana mweka hazina aweke kwenye kundi picha za risiti zote na jumla yake, kisha atume chenji ya kila mtu siku hiyohiyo, kabla ya picha za maporomoko.