Kumbukumbu ya mradi: zoezi la jahazi limekamilika

Mradi wangu wa kutunga mazoezi ya uhasibu yanayomlazimu mwanafunzi kufikiri kabla ya kukokotoa umepiga hatua: zoezi la jahazi limekamilika, na limejaribiwa na wanafunzi wa chuo kikuu waliorudi Lamu likizoni.

Mitihani mingi humpa mwanafunzi gharama ya mali, thamani ya masalio na umri wa matumizi, kisha humtaka akokotoe uchakavu (gharama ya mali inavyogawanywa katika miaka ya kutumika kwake), kazi ambayo kikokotoo kinaiweza. Katika zoezi langu umri haukutajwa. Nimeeleza jahazi lililoundwa Matondoni, kijiji cha Lamu, mbao zake, tanga lake na injini iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, nikaongeza maelezo ya jinsi chombo kinavyopandishwa pwani, kikasafishwa na kutiwa kalafati upya, yaani kuzibwa mianya ya mbao zake maji yasiingie. Miaka ataiamua mwanafunzi, na lazima aitetee.

Mmoja alikadiria miaka 20 kwa chombo kizima. Mwenziwe akamuuliza ni tanga gani litakalostahimili jua na chumvi muda wote huo. Kutokana na swali hilo walifika wenyewe kwenye kanuni ya IAS 16 (kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu mali za kudumu) inayotaka kila sehemu ya mali yenye gharama kubwa ikilinganishwa na gharama yote ihesabiwe uchakavu wake peke yake. Nilifurahi mno, kwa sababu kanuni hiyo walikuwa wameikariri zamani bila ya kujua inatatua tatizo gani.

Ninaloendelea kulirekebisha ni swali la kalafati: je, ni matumizi ya mwaka au ni sehemu ya mali? Hapa nimeingiza kisa cha WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, ambayo Juni 2002 ilikiri kwamba gharama za kawaida za takriban dola bilioni 3.8, nyingi zikiwa malipo ya kutumia mitandao ya kampuni nyingine za simu, zilikuwa zimeandikwa kama mali. Nataka mwanafunzi aiandike kalafati kwa njia zote mbili, aone faida inavyobadilika ilhali fedha zilizotoka ni zilezile, kisha aulize nani angependa benki ione faida ile kubwa.

Katika usahihishaji, alama nyingi zitakwenda kwenye hoja na ushahidi. Jibu sahihi lisilo na sababu litapata chache. Zoezi lijalo litahusu mfanyabiashara wa kamba koche ambaye bei imemshukia chini ya gharama, kwa kufuata IAS 2, kiwango kinachohusu bidhaa zinazosubiri kuuzwa.