Tundu la chaji likilegea: ninavyolehemu nyumbani Umoja

Vifaa vingi vinavyoletwa kwangu hapa Umoja, Nairobi, huwa vimeshahesabiwa kuwa takataka. Redio za kuchaji, spika za kubebea, tochi, taa za sola. Mwenyewe anakwambia, "Fundi, imekufa kabisa," kumbe bodi ya saketi ni nzima na betri ni nzima. Kilichoharibika ni tundu la chaji. Waya umevutwa huku na huku kila siku, au mtu amepita akaukanyaga kifaa kikiwa kwenye umeme, basi tundu likang'oka. Umeme hauingii tena, betri inaisha, kifaa kinanyamaza.

Sikusomea kazi hii. Niliianza kwa sababu iliniuma kuona mtu ananunua redio mpya kwa ajili ya kipande cha bati ambacho pale Luthuli Avenue bei yake haifiki nauli ya kwenda mjini. Zana zangu nazo nilizinunua hukohuko: chuma cha kulehemu cha wati 60 chenye kidhibiti cha joto, multimita ya kupimia umeme, kibano, lenzi, utepe wa shaba wa kufyonza lehemu (ile metali laini inayoyeyushwa kuunganisha vipande) na kopo la flaksi, dawa inayosaidia lehemu kushika. Kama pesa ni kidogo, afadhali upunguze kwingine kote lakini ununue flaksi nzuri. Bila flaksi lehemu haishiki. Inajikunja kuwa tone na kukataa kutambaa.

Lehemu ninayotumia ni ya bati asilimia 60 na madini ya risasi asilimia 40. Inayeyuka kati ya nyuzi 183 na 190, wakati ile isiyo na risasi inayotumiwa viwandani siku hizi inahitaji kama nyuzi 217 na zaidi. Kwa sababu ya hiyo risasi, sili wala kunywa chochote mezani, na nikimaliza nanawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Ule moshi unaopanda ni wa flaksi, nao unakera mapafu, kwa hiyo dirisha huwa wazi hata kukiwa na baridi ya Julai.

Kazi ninayoweza kuieleza vizuri ni ya redio ya mama anayeuza mboga karibu na steji. Alinipa akasema, "Mwanangu, nisaidie hii. Nikikosa taarifa ya asubuhi, siku yangu haianzi." Nilipoifungua nikapima betri: volti 3.1. Betri ya lithiamu ya kawaida ikijaa husoma 4.2, kwa hiyo hii ilikuwa imeisha tu, haijafa. Nikaachanisha waya wake mwekundu na kuufunga selotepu, maana ncha ya chuma ikigusa chanya na hasi kwa pamoja utawasha moto mezani.

Tundu lilikuwa la micro-USB, lile jembamba la simu za zamani, limebaki likining'inia kwa mguu mmoja. Halivutwi. Ukilivuta linaondoka na shaba ya bodi, na hapo ndipo kazi ndogo inapogeuka kubwa. Nilipaka flaksi, nikaongeza lehemu mpya juu ya ile ya zamani ili zichanganyike na kuyeyuka mapema, kisha nikaliinua kwa kibano likatoka lenyewe. Utepe wa shaba ukafyonza mabaki.

Watu wengi huhangaikia zile pini tano nyembamba. Mimi naanza na miguu ya ganda la chuma la tundu, kwa sababu ndiyo inayobeba nguvu yote mtu anapochomeka na kuchomoa. Miguu hiyo imeungana na eneo kubwa la shaba linalokunywa joto, kwa hiyo napandisha chuma hadi nyuzi 380, naulaza ubavu wa ncha uguse mguu na bodi kwa pamoja, nangoja kidogo, ndipo nagusisha waya wa lehemu kwenye mguu wenyewe, siyo kwenye ncha. Joto likiwa limefika, lehemu inazama na kuzunguka mguu, inang'aa, kingo zake zinateremka taratibu hadi kwenye bodi. Ikikaa kama kidonge juu ya chuma, haijashika, hata kama inaonekana nene.

Kisha nashusha joto hadi nyuzi 350 na kupitisha ncha juu ya pini. Kwa kuchaji, muhimu ni ya kwanza na ya tano, chanya na hasi. Nilipima kati yake, multimita haikulia, maana yake hazijagusana, nikarudisha betri na kuchomeka chaja. Taa nyekundu ikawaka. Mama alipoichukua alisema, "Kumbe ni hapo tu?" akanifungia sukuma wiki na dania.

Betri iliyovimba siichezei. Naitenga mbali na joto na kuipeleka kituo cha WEEE, cha taka za kielektroniki, kule Utawala. Taa za sola nazo nyingi zina betri za volti 3.2, na kuziwekea kibodi cha kuchaji cha volti 4.2 ni kuziua.

Siku hizi zinakuja spika za tundu la Type-C, lile la simu mpya linaloingia upande wowote, zenye ugonjwa mwingine: zinachaji kwa waya wa zamani wenye kichwa kipana cha USB upande wa chaja, lakini kwa chaja mpya ya Type-C pande zote mbili hazioni kitu. Tundu ni zima. Kiwanda hakikuweka rezista mbili za omu 5,100, moja kutoka kila pini ya CC (pini inayoijulisha chaja kwamba kuna kifaa) hadi hasi, na bila hizo chaja haitoi umeme. Rezista zenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele, ndiyo maana nilinunua lenzi. Kijana wa ghorofa ya juu nilimwekea zake kwenye spika, na sasa anaichaji kwa chaja ileile ya simu yake.